Kufungua ofisi ya uwakili Moshi au Arusha kwa mkopo unaodhaminiwa na serikali: mwongozo kamili

Umeapishwa. Picha za joho zimeshazunguka kwenye kundi la ukoo, na shangazi wa Kibosho ameanza kukupigia simu kuhusu mpaka wa shamba. Ofisi huna. Unagonga mihuri kwenye kona ya meza ya rafiki, na mteja akija inabidi mwenye meza atoke nje ili muongee siri.

Nilianza hivyo hapa Moshi, na makosa niliyofanya wakati wa kutafuta mtaji yalinigharimu karibu mwaka mzima. Ninachoandika hapa ni kile ambacho ningependa kuambiwa siku ile. Kinamfaa wakili wa Moshi au Arusha anayetaka kufungua chumba chake mwenyewe, au yeye na mwenzake mmoja, na amesikia kwamba serikali ina mikopo ya kumsaidia mjasiriamali mdogo.

Serikali ikidhamini, inamdhamini nani?

Hapa ndipo wengi wanapotelea. Benki Kuu ya Tanzania inasimamia kwa niaba ya serikali mfuko wa dhamana kwa biashara ndogo na za kati, ulioanza mwaka 2005. Mfuko huo unaweza kubeba hadi asilimia 50 ya mkopo ambao benki imempa mfanyabiashara. Watu husikia hivyo wakadhani wakishindwa kulipa, nusu ya deni inafutwa. Haifutwi. Dhamana ile inailinda benki. Wewe unadaiwa shilingi yote mpaka ya mwisho, pamoja na riba, na mali uliyoweka inaweza kuuzwa kama mkopo mwingine wowote. Faida yako ni kwamba benki ambayo ingekukatalia kwa sababu dhamana yako haitoshi, sasa inapata mahali pa kuegemea, kwa hiyo inaweza kukubali.

Usipande basi kwenda tawi la Benki Kuu la Arusha kuomba mkopo. Benki Kuu haimkopeshi wakili. Unaingia kwenye benki yako ya kawaida, unaomba mkopo wa biashara ndogo, na unauliza kama benki hiyo inashiriki kwenye mfuko wa dhamana na kama ombi lako linaweza kupitia huko. Afisa wa dirishani mara nyingi hatakuwa na jibu. Omba kuonana na anayeshughulikia wafanyabiashara wadogo na wa kati, na barua yako iwe na swali hilo kwa maandishi.

Kwenye intaneti utakutana pia na maelezo marefu ya SBA, shirika la serikali ya Marekani la kusaidia biashara ndogo, jinsi mpango wao wa 7(a) unavyodhamini mikopo ya hadi dola milioni 5, na jinsi mawakili wa huko wanavyoitumia kufungulia ofisi. Ni habari za kweli, lakini ni za biashara zinazofanyika Marekani. Usinakili masharti yao kwenye andiko lako la biashara.

Milango iliyopo, na upi unakufaa

Mlango unaosikika zaidi mtaani ni ule wa halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani. Nne zinakwenda kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, na hakuna riba. Ulisitishwa mwaka 2023 baada ya kelele za vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, ukafunguliwa tena 2024. Unaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, iwe Ngarenaro au Pasua.

Tatizo ni kwamba mkopo huu umejengwa kwa ajili ya vikundi, na ofisi ya uwakili si mradi wa kikundi. Maadili yetu yanakataza wakili kugawana ada na mtu asiye wakili. Ukijiunga na mafundi cherehani wanne na muuza mboga mmoja ili mfikishe idadi, kisha fedha ikanunua samani za chumba chako, umekosea mara mbili, kwa kikundi na kwa taaluma. Nimewaona vijana wenye akili wakishawishika kwa sababu ya lile neno "bila riba". Kama mko mawakili wa kutosha, wa rika moja, na kweli mnataka kufanya kazi chini ya paa moja, nendeni mkaulize, mkieleza shughuli yenu kama ilivyo. Vinginevyo waachieni wanaouza mboga fedha yao. Wakili mwenye ulemavu aulize kwa nafasi yake, maana fungu lile lina masharti yake tofauti.

Mlango wa pili ni SELF Microfinance Fund, taasisi iliyo chini ya Wizara ya Fedha. Inakopesha wajasiriamali na pia inazikopesha SACCOS, yaani vyama vya akiba na mikopo, ambazo nazo zinakopesha wanachama. Kwa mikopo ya kiasi cha kufungulia chumba kimoja, hawa wanastahili kutembelewa mapema.

Mlango wa tatu ni benki yenyewe kupitia mfuko wa dhamana niliouelezea juu. Hapa tofautisha mambo mawili. TCB, Benki ya Biashara Tanzania, ni benki ambayo serikali ndiyo mwanahisa mkubwa, lakini kukopa kwenye benki ya serikali hakumaanishi kwamba mkopo wako umedhaminiwa na serikali. Ni swali linaloulizwa popote, benki ikiwa ya umma au ya binafsi.

SIDO kazi yake ni viwanda vidogo, TADB ni kilimo. Usipoteze nauli.

Kisha ipo SACCOS. Haina mkono wa serikali moja kwa moja, lakini kwa wakili anayeanza naiweka juu ya milango mingine mingi. Unaweka akiba kwa miezi kadhaa, unakopa mara mbili au tatu ya akiba yako kulingana na masharti yao, na wanachama wenzako wanakudhamini. Ukiwa bado uko kwenye ofisi ya wakili mkubwa kama msaidizi, jiunge leo. Miezi utakayotumia kujifunza kazi ndiyo hiyo hiyo ya kujenga akiba.

Kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba ya kukamua, usiiguse. Wala programu za simu zinazokopesha bila leseni. Benki Kuu ilishatoa orodha ya programu hizo hadharani. Wakili anayedaiwa na watu wanaopigia namba zote kwenye simu yake, wateja wakiwemo, amepoteza siri za wateja kabla hajapoteza fedha.

Hatua ya kwanza: karatasi

Panga haya kabla hujaandika hata mstari wa maombi. Kitambulisho cha NIDA. Cheti cha uwakili kilichohuishwa kwa mwaka husika. Jina lako lionekane hai kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, kwa sababu yeyote anaweza kukuangalia humo. Uthibitisho kwamba hudaiwi ada na Chama cha Mawakili wa Tanganyika. Jina la biashara lililosajiliwa BRELA kwa mtandao. TIN ya biashara. Leseni ya biashara, ambayo kwa halmashauri zetu unaiombea kwenye mfumo wa TAUSI. Mkataba wa pango, hata kama ni wa makubaliano ya awali na mwenye jengo.

Kwenye TIN kuna jambo ambalo wenye maduka hawalijui na wewe lazima ulijue. Anayetoa huduma ya kitaalamu kama uwakili anatakiwa kujisajili VAT, kodi ya ongezeko la thamani, bila kusubiri mauzo yafike kiwango cha kawaida cha usajili. Wala haingii kwenye ule mfumo wa kodi ya makadirio wa wafanyabiashara wadogo. Anatunza hesabu na kutoa ritani. Maana yake, tangu siku ya kwanza unahitaji mashine ya EFD ya kutolea risiti, mtu wa kukutunzia vitabu, na nidhamu ya kuiacha ile asilimia 18 ikae pembeni. Ukiandika andiko la biashara lisilotaja VAT, afisa mikopo makini atajua hujui unachokiingia.

Kodi ya pango nayo ina mambo yake. Mkataba unalipiwa ushuru wa stempu, na wewe mpangaji unatakiwa kuzuia asilimia 10 ya kodi hiyo ya pango na kuipeleka TRA. Mwenye nyumba wako hatafurahi. Mweleze mapema, kabla hamjasaini, ili mkubaliane kiwango mkijua fedha halisi itakayomfikia.

Hatua ya pili: hesabu ya siku moja

Andiko la biashara la wakili halihitaji kurasa arobaini. Linahitaji kujibu swali moja: fedha ya marejesho itatoka wapi mwezi wa pili, wakati hujawa na jina?

Haitatoka kwenye kesi. Shauri la ardhi unalolifungua Januari linaweza kukukuta Januari nyingine bado lipo, na mteja alikulipa awamu ya kwanza akapotea. Fedha ya kila siku inatoka kwenye vitu vidogo: kiapo cha kurekebisha majina, kuthibitisha nakala za vyeti, mkataba wa kuuziana pikipiki au kiwanja, wosia, kusajili kampuni, nyaraka za mirathi. Moshi kuna familia nyingi zenye ndugu walio mbali, kwa hiyo hati za uwakilishi na mirathi hazikauki. Arusha kuna kampuni za utalii zinazohitaji mikataba ya madereva, waongozaji na magari, na wengi wao wanafunga nyaraka zao kabla ya msimu wa Juni. Ukipata kampuni tatu zinazokulipa kiasi kidogo kila mwezi, hiyo ni nguzo kuliko kesi kumi. Kumbuka tu kwamba kampuni inaweza kukukata asilimia 5 ya kodi ya zuio kwenye ada yako. Dai cheti cha zuio kila mara, maana ni kodi uliyokwishalipa.

Chukua mfano wa chumba kimoja ghorofa ya kwanza, mjini Moshi. Tarakimu ni zangu za mfano, weka za kwako. Pango la miezi sita, shilingi milioni 1.5. Kompyuta mpakato na printa yenye skana, milioni 2.2. Meza, viti na kabati la chuma linalofungwa kwa ufunguo, milioni 1.1. EFD, usajili, mihuri na kibao cha jina, laki 9. Akiba ya kuendesha ofisi kwa miezi minne, milioni 2.3. Jumla milioni 8. Ukiwa na milioni 3 zako mwenyewe, unakopa 5. Usiende ukiwa mikono mitupu. Benki inataka kuona na wewe umeumia kidogo.

Ile akiba ya miezi minne ndiyo watu wanaikata ili mkopo uonekane mdogo. Usiikate. Punguza meza. Mteja wa kiapo hajali meza ni ya mninga au ya mbao za Sao Hill, ila umeme ukikatika kwa sababu hujanunua luku, anatembea mlango wa pili.

Sasa tazama riba. Milioni 5 kwa miezi 24, riba asilimia 18 kwa mwaka. Kama riba inapigwa juu ya deni lote la mwanzo mpaka mwisho, utalipa takriban 283,000 kwa mwezi, na riba yote itafika milioni 1.8. Kama inapigwa kwenye salio linalopungua, utalipa karibu 250,000 kwa mwezi, na riba yote inakuwa chini kidogo ya milioni 1. Asilimia ni ile ile, tofauti ni zaidi ya laki 8. Swali la "mnapiga vipi riba?" lina thamani kuliko "riba yenu ni ngapi?"

Endelea. Marejesho 250,000, pango 250,000, msaidizi 200,000, umeme na intaneti 100,000, na kama ulisoma kwa mkopo wa elimu ya juu wa HESLB weka 100,000. Hapo ni 900,000 kwa mwezi. Gawa kwa siku 22 za kazi: karibu shilingi 41,000 kila siku, kabla wewe hujala. Ukiongeza VAT, mteja au wateja wa siku hiyo wanatakiwa waache karibu 48,000 mezani. Sasa jiulize kwa ukweli: ni viapo vingapi, mikataba mingapi? Kaa kwenye ofisi ya mwenzako kwa wiki mbili na daftari, uhesabu wanaoingia. Hesabu hiyo ya daftari, ikiambatishwa kwenye andiko, inamshawishi afisa mikopo kuliko jedwali lolote la kutabiri miaka mitano.

Fomu za andiko huwa na sehemu ya masoko. Usiandike redio na mabango. Kanuni za maadili ya mawakili za mwaka 2018 zinabana matangazo. Andika unavyopata wateja kihalali: mawakili wakubwa wanaokuachia mashauri madogo, makanisa na misikiti unakotoa elimu ya sheria, vyama vya ushirika, ofisi za wahasibu.

Hatua ya tatu: safisha taarifa yako ya benki

Hili nilijifunza kwa maumivu. Nilipeleka taarifa ya benki ya miezi sita nikiwa na furaha, wastani wa fedha zinazoingia ulikuwa mzuri. Dada aliyekuwa anashughulikia ombi akatoa kalamu ya kijani, akapitisha kidole mstari hadi mstari, akazungushia shilingi milioni 14.

"Wakili, hii ni ya nani?"

Ilikuwa ya mteja. Alikuwa ananunua kiwanja, akaniachia fedha nishike mpaka hati ihakikiwe. Niliiweka kwenye akaunti yangu kwa siku tisa, kisha nikamlipa muuzaji. Sikuiba hata senti. Lakini dada yule aliizungushia, akazungushia nyingine mbili, akapiga hesabu upya, na kipato changu kikabaki theluthi ya nilichodai. Ombi likakataliwa, na alikuwa sahihi. Ninachoshukuru ni kwamba aliyeniuliza alikuwa afisa mikopo. Kama angekuwa Kamati ya Mawakili, swali lingekuwa zito zaidi, kwa sababu fedha ya mteja haitakiwi kulala na ya wakili.

Kwa hiyo, angalau miezi sita kabla ya kuomba, fungua akaunti mbili. Moja ya wateja, moja ya ofisi. Ada ikishakuwa yako kweli, na risiti ya EFD imetoka, ihamishe kwenda akaunti ya ofisi. Ada za taslimu nazo ziweke benki kila jioni, hata kama ni 15,000. Taarifa yenye amana ndogo ndogo kila siku ya kazi inaonyesha ofisi inayopumua.

Omba pia ripoti yako ya taarifa za mikopo kwa kampuni yenye leseni ya Benki Kuu, Creditinfo kwa mfano. Unaweza kukuta deni dogo la simu ulilosahau tangu chuo. Lilipe, subiri lisomeke limelipwa, ndipo uombe.

Hatua ya nne: dhamana, na suala la kihamba

Gari, vifaa, hati ya kiwanja, akiba, wadhamini. Kama ni nyumba mnayoishi na mwenzi wako, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka ridhaa yake, na wewe kama wakili huna udhuru wa kusahau. Mketi muongee. Asisaini akiwa anapika.

Kwetu Uchagani kuna swali lingine. Nilipokwama, nilipanda kwa mzee nikiwa na wazo la kuweka dhamana sehemu ya kihamba, shamba letu la ukoo. Nilimkuta anakata majani ya ng'ombe. Nikamwamkia, nikaeleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka panga chini, akaniuliza, "Na babu yako tutamhamishia wapi?" Kaburi lilikuwa hatua ishirini kutoka tulipokuwa tumesimama, chini ya migomba. Sikuongea tena jambo hilo.

Naweza kukupa sababu za kisheria pia: ardhi ya ukoo ina wadai wengi wasioonekana kwenye karatasi, na benki inajua. Lakini jibu la mzee linatosha. Mkopo wa kununua printa usifike kaburini. Kama huna dhamana nyingine, hapo ndipo mfuko wa dhamana wa serikali, SELF au SACCOS vinapokuwa na maana kwako. Punguza kiasi mpaka kiingie kwenye mlango mmojawapo.

Hatua ya tano: kikao, na kusaini

Nenda asubuhi, katikati ya mwezi. Mwisho wa mwezi matawi yanajaa. Uliza haya na uombe majibu kwa maandishi, ni haki yako chini ya kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019: riba inapigwaje, ada ya kushughulikia mkopo na bima ni kiasi gani na zinakatwa mwanzoni au la, kuna miezi mingapi kabla ya marejesho ya kwanza, faini ya kuchelewa ni ipi, na kama ukilipa mapema unaadhibiwa. Omba miezi mitatu ya kujipanga kabla ya kuanza kurejesha. Wakikupa miwili, pokea.

Kisha usome mkataba kama vile mteja ndiye anayesaini. Tunawasomea watu mikataba kutwa nzima, halafu wa kwetu tunasaini tumesimama. Angalia kipengele kinachoiruhusu benki kubadilisha riba, na kile kinachoshika akaunti zako zote kwenye benki hiyo. Kama kipo, akaunti ya wateja ifunguliwe benki nyingine.

Fedha ikiingia

Ada na bima zikikatwa, milioni 5 zitasomeka pungufu. Lipa pango na EFD siku hiyo hiyo, nunua vifaa wiki hiyo, na ile akiba ya miezi minne ihamishie akaunti isiyo na kadi. Marejesho yakatwe tarehe 10, si tarehe 1, maana kampuni zinazokulipa kwa mwezi huchelewa siku kadhaa. VAT itenge kila Ijumaa.

Ukiona mwezi unaelekea kubaya, nenda benki kabla ya tarehe ya marejesho, na daftari lako la wateja mkononi. Mwezi wangu wa tano nilienda siku nne kabla, nikaomba kulipa nusu na kusogeza iliyobaki. Afisa alipekua daftari, akakuta viapo, mikataba miwili ya viwanja na mirathi moja iliyokuwa inasubiri hati, akaandika kibali. Iliyobaki niliilipa tarehe 26 mwezi huo huo, mirathi ilipokamilika.